Mafuta yamo NDANI ya ukuta wa mshipa, hayajapakaa juu yake: uzi kuhusu mishipa migumu

kisu_na_darubini (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki hii nimekutana mara tatu na ile picha ya bomba lililojaa mafuta ya njano, chini yake maneno "hivi ndivyo mishipa yako inavyoziba". Mimi nafanya kazi maabara ya patholojia. Nakata vipande vya viungo, navitia rangi, naviweka chini ya darubini. Ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, nimezikata za kutosha, na sijawahi kufungua hata moja nikakuta mafuta yamepakaa kwa ndani kama masizi ya sufuria. Hayakai hapo. Yanakaa ndani ya ukuta wenyewe.

Najua kuna atakayesema huo ni ubishi wa wasomi. Hapana. Ukikosea hapo, unakosea na yote yanayofuata: nani yumo hatarini, kwa nini mtu anapimwa anaambiwa njia iko wazi kisha anaanguka, na kwa nini hakuna kinywaji cha "kusafisha mishipa".

Ukuta wa ateri una matabaka matatu. La nje ni la kushikilia tu, silizungumzii. La kati ni misuli na nyuzi zinazovutika, ndilo linalotanuka na kurudi kila moyo unapopiga. La ndani ni jembamba, na upande wake unaoguswa na damu umefunikwa na safu moja tu ya seli, zimepangana kama vigae. Mafuta tunayoyasema hapa yapo chini ya hivyo vigae.

Yanafikaje? Damu ni maji, na mafuta hayachangamani na maji. Kwa hiyo ini huyafungasha mafuta, pamoja na kolesteroli (wengine mnaiita lehemu), kwenye vifurushi vidogo vyenye protini kwa nje. LDL ni mojawapo ya vifurushi hivyo. Ni vidogo mno: ukivipanga foleni, kama 40,000 vinaenea kwenye milimita moja. Vinaingia ukutani na kutoka kila siku, kwa kila binadamu, na vingi havina madhara. Shida ni vile vinavyonasa. Ndani ya tabaka lile jembamba kuna molekuli ndefu zenye chaji hasi, na protini ya LDL, inayoitwa apoB, ina sehemu zenye chaji chanya. Vinashikana. Mwaka 1995 Kevin Jon Williams na Ira Tabas waliandika kwamba huko kunasa ndiko mwanzo wa ugonjwa, na mengine yote ni matokeo yake. Nakubaliana nao.

Kifurushi kikishanasa kinachacha. Vigae vya juu vinaita msaada, seli nyeupe za damu zinaingia, zinageuka makrofaji na kuanza kumeza. Sasa sikilizeni hapa. Seli ya kawaida ina mlango wa kupokea LDL, na ikishiba hupunguza milango hiyo. Makrofaji inayameza mafuta yaliyochacha kwa mlango mwingine, na mlango huo hauna komeo. Inakula tu mpaka inajaa matone. Tunaziita seli povu. Zikikusanyika, unaona kwa macho yako michirizi ya njano ukutani, ukipitisha kidole ni laini kabisa.

Ugumu unakuja baadaye. Seli za misuli zinahama kutoka tabaka la kati, zinafuma kolajeni juu ya ule mkusanyiko, kama kovu linavyofunika kidonda. Makrofaji zinakufa na kumwaga zilichomeza, katikati panabaki kiini laini. Kalsiamu inaanza kujijenga. Uvimbe mzima huo ndio plaki. Ateri iliyofikia hapo, ukiikata unasikia kisu kinakwaruza kama kwenye ganda la yai. Nyingine lazima tuziloweke kwanza kwenye asidi ndipo zikatike.

Jina la kitaalamu la ugonjwa huu, atherosklerosisi, alilibuni Felix Marchand mwaka 1904 kwa kuunga maneno mawili ya Kigiriki. Moja maana yake uji, la pili ugumu. Uji katikati, ugumu juu. Sisi tunaposema "mishipa migumu" tumechukua nusu moja ya jina, na kwa niliyoyaona mezani, nusu tuliyoiacha ndiyo ya kuogopa zaidi.

Nawasilisha. Maswali karibuni, nikiwa zamu nitachelewa kujibu.

mchungulia_mbali

Naweka kiti hapa.

Fundi Bomba

Mkuu, mimi ni fundi bomba miaka kumi na tisa, usituondolee mfano wetu kirahisi hivyo. Maji yenye chumvi nyingi yanaacha chokaa kwenye bomba, kipenyo kinapungua, mbele maji yanatoka kidogo. Hiyo naiona kila mwezi. Kama mafuta yamo ukutani, njia inazibaje? Na kwa nini yachague ateri peke yake wakati damu inazunguka mwili mzima?

kisu_na_darubini

Fundi, maswali yote mawili ni mazuri, hasa la pili.

La kwanza. Bomba lako haliwezi kunenepa kwa nje, ateri inaweza. Plaki inapokua, mshipa hutanuka kuipisha. Mwaka 1987 Seymour Glagov na wenzake walipima mishipa ya moyo ya watu waliofariki wakakuta njia ya damu inaanza kubanwa pale tu plaki inapokuwa imeshachukua takriban asilimia 40 ya eneo lililokuwa la njia. Kabla ya hapo ukuta umeoza na njia iko vilevile. Ndiyo maana kile kipimo cha kuchoma dawa na kupiga picha ya mishipa ya moyo kinaweza kutoka safi: dawa inaonyesha damu inapita wapi, haionyeshi kilichomo ukutani.

La pili. Damu ni ileile, mafuta ni yaleyale, lakini vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, hazipati ugonjwa huu zikiwa mahali pake. Presha ya damu ndani yake ni ndogo. Sasa daktari akichukua vena ya mguuni akaishona moyoni iwe njia ya mchepuko, ikaanza kupigwa na presha ya ateri, baada ya miaka vena hiyohiyo nayo inaota plaki. Na hata kwenye ateri, plaki hazitapakai kila mahali. Zinapenda panapogawanyika na kwenye kona, kule damu inakozunguka badala ya kwenda moja kwa moja. Nadhani fundi unapajua mahali kama hapo.

Fundi Bomba

Kwenye kiungo na kwenye kona. Napajua sana.

BintHekima

Kaka asante kwa uzi. Mimi ni mwembamba toka utotoni, presha nzuri, sivuti sigara. Nimepima wiki mbili zilizopita LDL imetoka 6.1. Aliyenipima akaniuliza nakula nini, kana kwamba namficha kitu. Baba alifariki ghafla akiwa na miaka 44. Unene na mafuta ya mishipa havihusiani?

kisu_na_darubini

Pole sana kwa baba, dada.

Vinahusiana kwa mbali, ila si mafuta ya aina moja. Ya tumboni na mapajani ni akiba ya nishati, mwili unaiweka na kuitoa. Yaliyomo kwenye plaki kwa sehemu kubwa ni kolesteroli, na kolesteroli seli haiwezi kuichoma hata ufunge vipi. Njia kuu ya kuitoa ni ini, kupitia nyongo. Ikishakwama ukutani, mpaka ipate wa kuibeba kuirudisha kwenye ini. Kwa hiyo mwembamba anaweza kuwa na ukuta mbovu, na mnene akawa na ukuta mzuri kuliko wake.

Namba yako pamoja na umri wa baba, kama 6.1 hiyo ni milimoli kwa lita, inanifanya nifikirie hali ya kurithi. Joseph Goldstein na Michael Brown waliifuatilia miaka ya 1970 wakagundua ule mlango wa LDL niliousema juu, uliopo pia kwenye ini. Mwaka 1985 wakapewa Tuzo ya Nobel. Watu waliorithi mlango mbovu kutoka kwa mzazi mmoja ni kama 1 kati ya 250. Ini lao halivuti LDL ya kutosha, inabaki inazunguka kwenye damu tangu siku wanayozaliwa. Chakula peke yake hakitoshi kuirekebisha hali hiyo. Mimi si daktari wako na siwezi kukuambia unayo, lakini rudi, na ukifika taja umri wa baba kabla ya kitu kingine chochote. Ndugu zako wa tumbo moja na watoto nao wapimwe.

BintHekima

Tuko wanne. Nawatumia uzi huu sasa hivi.

KataaUwongo

Hizi hadithi zote chanzo chake ni sungura. Mrusi mmoja aliwalisha sungura kolesteroli, sungura ambaye kwa asili hali nyama wala mayai, wakaugua, dunia nzima ikaambiwa iogope mafuta. Mleta uzi mbona hilo hulisemi? Mafuta yapo kwenye kidonda kama wazima moto walivyopo kwenye moto. Wamekuja kuzima, mnasema ndio waliochoma.

kisu_na_darubini

Mkuu, la sungura ni kweli na halinisumbui. Nikolai Anitschkow na Semen Chalatow, St. Petersburg, mwaka 1913: kolesteroli safi kwenye mafuta ya alizeti, ateri za sungura zikaota plaki. Unachoacha kusema ni kwamba wengine walipojaribu kwa panya na mbwa haikutokea. Wapinzani walifurahi sana. Sababu ikaja kujulikana: panya na mbwa ni mahodari wa kuitoa kolesteroli kwa nyongo, ya kwenye damu haipandi, na isipopanda ukuta hauugui. Kwa hiyo suala halikuwa mnyama amekula nini. Ni kiasi gani kinazunguka kwenye damu, na kwa muda gani.

Hata kabla ya sungura, mwaka 1910 Adolf Windaus alikuwa amepima aota (ateri kuu itokayo moyoni) za binadamu na kukuta zenye plaki zina kolesteroli nyingi mno kuliko zilizo salama. Ile iliyofungwa na asidi ya mafuta ilikuwa mara 20 hivi.

Hoja ya wazima moto ni nzuri, nimeitafakari sana zamani. Ila kuna watu waliozaliwa na hitilafu kwenye jeni ya PCSK9 inayofanya LDL yao iwe chini maisha yote. Hawakula dawa, hawakuchagua chochote. Jonathan Cohen, Helen Hobbs na wenzao waliandika mwaka 2006 kwamba miongoni mwa Wamarekani weusi wenye hitilafu hiyo LDL ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa chini kwa asilimia 88. Ukimpunguzia mzima moto idadi, moto ungepaswa kuongezeka. Umepungua, tena sana.

KataaUwongo

Na uvimbe? Inflamesheni? Hilo nalo mnalificha.

daktari_wa_usiku

Naomba nimsaidie mleta uzi, halafu nitamkosoa.

Hakuna anayelificha. Mwaka 2017 matokeo ya utafiti wa CANTOS yalitoka: watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo, wengine wakachomwa kanakinumabu, dawa inayotuliza inflamesheni bila kushusha LDL. Kwa dozi ya kati, matukio ya moyo na kiharusi yalipungua kwa asilimia 15. Kwa hiyo ndugu KataaUwongo una nusu ya ukweli. Waliochomwa dawa hiyo pia walipata maambukizi ya kuua kwa wingi zaidi, ndiyo maana huisikii mitaani. Mafuta yananasa, kinga ya mwili inakasirika, hasira inazidisha kunasa. Ni mduara.

Sasa kukosoa. Mleta uzi umeogopesha watu na uji kana kwamba kila shambulio la moyo linatoka humo. Mengi, ndiyo: kifuniko cha kovu kinakuwa chembamba, chini ya mikroni 65 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kinapasuka, damu inakutana na kiini, inaganda palepale. Lakini sehemu isiyo ndogo hutokea bila kupasuka. Vigae vya juu vinabanduka tu na damu inaganda juu ya plaki ambayo wala haina uji mwingi. Na usiwaachie vijana waamini ni habari ya wazee. Wakati wa vita vya Korea, wanajeshi 300 wa Marekani waliouawa walifanyiwa uchunguzi wa moyo. Wastani wa umri miaka 22, na asilimia 77 walikuwa na dalili fulani ya ugonjwa kwenye mishipa ya moyo. Ripoti ilitoka mwaka 1953.

kisu_na_darubini

Nimepokea, daktari. Kuhusu kubanduka umenishika. Nimeziona na nikazisahau wakati wa kuandika.

Mama_Watatu

Mimi nina swali la mama yangu. Ana kisukari muda mrefu. Alianguka wakampiga picha ya mguu, mfupa mzima, lakini mishipa ilionekana myeupe imenyooka kama reli mbili. Tukaambiwa "mishipa imekuwa migumu". Tumemkatia mafuta yote, hadi amekonda. Kumbe mafuta gani hayo yanaonekana kwenye eksirei?

kisu_na_darubini

Mama, hapo ndipo lile neno letu "mishipa migumu" linapotuponza.

Mafuta hayaonekani hivyo. Mistari miwili kama reli ni kalsiamu, na mara nyingi hiyo ni ya tabaka la kati, kwenye misuli. Johann Mönckeberg aliielezea mwaka 1903 na bado inaitwa kwa jina lake. Inawapata sana wenye kisukari cha muda mrefu, wenye figo mbovu, na wazee. Inaweza kujijenga bila uji wowote: mshipa unakuwa mgumu kama bomba la udongo na njia ndani iko wazi. Kuna na ugumu wa tatu wa kawaida kabisa wa umri, nyuzi zinazovutika zinachakaa, ndiyo maana presha ya juu hupanda kwa wazee huku ya chini ikibaki palepale au kushuka.

Mtu mmoja anaweza kuwa na yote matatu, na mwenye kisukari plaki za mafuta nazo humpenda. Kwa hiyo sisemi dawa zake za kolesteroli, kama anazo, ziachwe. Nasema kumkondesha mzee kwa sababu ya picha ile ni bure. Muulizeni daktari damu inafika kwenye nyayo kiasi gani. Na mwambieni kwamba kile kipimo cha kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono kinaweza kumdanganya, maana mshipa mgumu haubanwi na mkanda, namba inatoka kubwa kuliko ukweli.

Mama_Watatu

Mungu akubariki. Leo anakula vizuri.

maswali_tele

Hayo mafuta chini ya darubini yana rangi gani?

kisu_na_darubini

Hayana, na hili linanichekesha hadi leo. Kutayarisha kipande tunakipitisha kwenye alkoholi na zailini, na hizo zinayeyusha mafuta yote. Unachokiona ni nafasi zilipokuwa: mashimo membamba yenye ncha kama sindano, kila moja lilikuwa kipande cha kolesteroli iliyoganda. Hata povu la seli povu ni matone yaliyokwishaoshwa. Ukitaka kuyaona yenyewe ugandishe kipande kwa baridi, ukikate hivyohivyo, ndipo utie rangi nyekundu ya mafuta. Miaka yangu miwili ya kwanza kazini nilikuwa naangalia mapengo nikiyaita mafuta.

maswali_tele

Lingine. Jirani kapima kalsiamu ya moyo, akaanza statini (zile dawa za kushusha kolesteroli), baada ya miaka kapima tena imepanda. Kaacha dawa kwa hasira.

daktari_wa_usiku

Arudi kwa daktari wake kabla hajaizoea hasira yake. Statini huweza kupandisha kalsiamu huku zikipunguza mashambulio. Kiini kinanywea, panapobaki panakuwa chokaa ngumu. Plaki iliyojaa chokaa imetulia kuliko yenye uji chini ya kifuniko chembamba. Kipimo kile ni kizuri kumwonyesha mtu ana plaki kiasi gani kwa jumla. Kumpima maendeleo akiwa kwenye dawa, si chake. Mwaka 1994 utafiti wa 4S, wagonjwa 4,444 wa moyo, simvastatini ilipunguza vifo vyote kwa asilimia 30. Hakuna aliyekuwa anahesabu chokaa.

Fundi Bomba

Nimekaa nasoma tangu asubuhi. Mkuu, nimekubali si bomba. Huu ni ukuta wenye unyevu. Maji yanapenya taratibu, plasta inavimba kwa ndani, nje rangi bado inang'aa. Mwenye nyumba anapiga rangi nyingine juu, pagumu, pamependeza. Siku moja unaegemea, kipande kizima kinadondoka. Swali langu la fundi: ukizuia maji, ukuta unakauka?

kisu_na_darubini

Huo mfano nakuibia, Fundi.

Unakauka kidogo. Kuna utafiti uliopewa jina GLAGOV, matokeo yake yalitoka mwaka 2016. Watu 968 waliokuwa tayari kwenye statini, nusu wakaongezewa evolokumabu, dawa inayozuia ile PCSK9. LDL yao ikashuka chini sana, na baada ya wiki 76 wakapimwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kinachoingizwa ndani ya mshipa wenyewe. Sehemu ya mshipa iliyokaliwa na plaki ilikuwa imepungua kwa karibu asilimia 1.

Fundi Bomba

Asilimia moja? Kwa wiki 76?

kisu_na_darubini

Moja. Kwa wale wengine haikupungua. Na vipimo vingine vya ndani ya mshipa vinaonyesha LDL ikishushwa hivyo kifuniko kinanenepa. Plasta haijarudi kama mpya, lakini ukiegemea haidondoki kirahisi.

BintHekima

Mrejesho: kaka yetu mkubwa kapima leo. 5.8. Ana miaka 41. Tumepata miadi ya wote wanne Jumatatu.